Nzi Kiduchu na Sisimizi Mwenye Kitako Juu

Chukueni rula. Ile ile ya shuleni, yenye namba. Tazameni kati ya sifuri na moja. Mnaviona vijistari vidogo vidogo? Kutoka kijistari kimoja hadi kinachofuata ni milimita moja. Sasa ikateni hiyo milimita vipande kumi. Kateni kwa akili tu, maana hakuna kisu kitakachoweza. Hesabuni vipande vinne. Mmefika?

Basi hapo, kwenye vipande vinne, anaenea nzi mzima. Ana kichwa. Ana macho. Ana miguu sita. Ana tumbo, na mwisho wa tumbo ana mwiba wa kutagia mayai, umechongoka sawasawa. Vyote hivyo, wapwa zangu, ndani ya milimita 0.4. Nzi wa jikoni, yule anayewasumbua mkila embe, ni mkubwa kwake mara 15.

"Mjomba, labda huyo ni mtoto wa nzi. Atakua."

Ahaa! Nilijua mtauliza, na nimefurahi mmeuliza, maana hata watu wazima wengi hawajui hili. Nzi mwenye mabawa hakui. Hakui hata kidogo. Kukua kwake kote hukumaliza akiwa buu. Anatoka kwenye yai akiwa buu, anakula, anakula, anakula. Kisha anajifunga kimya ndani ya ganda, hapo anaitwa pupa. Anapolipasua ganda na kutoka na mabawa, ndivyo atakavyobaki mpaka kufa. Kwa hiyo mkimwona nzi mdogo dirishani, msimwite mtoto. Huenda ni bibi kizee.

Huyu wetu ni mama. Tena ni mama mtu mzima, mwenye kazi ya kutisha kidogo. Tutaifikia. Kwanza niwaambie alikotoka.

Upande wa magharibi wa Thailand, karibu na mpaka wa Myanmar, kuna msitu mkubwa unaoitwa Kaeng Krachan. Ndiyo hifadhi ya taifa iliyo kubwa kuliko zote nchini humo. Kuna tembo, kuna chui, kuna ndege wa kila rangi. Mgeni akiingia humo shingo yake huelekea juu, kwenye miti na ndege, au mbele, alikosimama tembo. Nani ataangalia kitu cha milimita 0.4? Nzi wetu alikuwepo. Hakuonekana tu.

"Sasa walimwonaje?"

Hawakumwona. Walimtega.

Sikilizeni mtego wenyewe, maana unapendeza. Kulikuwa na bwana mmoja wa Sweden, René Malaise, mpenzi wa wadudu. Alipokuwa akilala kwenye hema safarini, aliona jambo. Wadudu wakiingia hemani hawarudi mlangoni walikoingilia. Hupanda juu, kwenye mwanga, wakajikusanya kwenye kona ya juu kabisa. Wamekwama. Bwana Malaise akawaza: je, nikitoboa hiyo kona na kufunga chupa? Katika miaka ya 1930 akatengeneza hema la wavu mwembamba, lisilolaliwa na mtu, lenye chupa juu. Mdudu anaruka, anagonga ukuta wa wavu, anapanda, anapanda, tumbukwi chupani, penye spiriti. Mpaka leo mtego huo unaitwa kwa jina lake, na unatumika dunia nzima.

Watafiti waliweka mitego kama hiyo Kaeng Krachan. Chupa zikajaa. Ndani mlikuwa na nyigu, mbu, nondo, mbawakawa, na uji mzito wa vijidudu ambavyo macho hayavitambui. Na ndani ya uji ule, mmoja tu, mama mmoja. Alikuwepo. Hakuonekana tu.

Aliyekuja kumwona ni Dakta Brian Brown, wa jumba la makumbusho ya viumbe huko Los Angeles, Marekani. Yeye amejifunza maisha yake yote jamii moja ya nzi, iitwayo Phoridae. Ni nzi wenye mgongo uliobinuka. Wana tabia ya kuchekesha: wana mabawa, lakini wakishtuka wengi wao hupenda kukimbia badala ya kuruka. Wanakimbia, wanasimama ghafla, wanakimbia tena, kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Dakta Brown aliangalia kwenye hadubini, akaona mgongo ule, akaona mwiba ule wa kutagia, akajua ana kitu.

"Alijuaje kuwa ni mpya? Labda kuna mtu alimjua zamani."

Swali la hakimu hilo! Hapo ndipo kazi ilipo, wala si kwenye kukamata. Ilimbidi Dakta Brown amlinganishe na nzi wa jamii yake walioandikwa kabla yake. Kwa vitu gani? Umbo la kichwa, vinyweleo, mabawa, mwiba. Akamtafutia ndugu. Na ndugu alipatikana mmoja tu, tena si Thailand, wala si China, wala si India. Ndugu yake yuko kwetu Afrika, Guinea ya Ikweta, upande ule wa bahari ya magharibi. Mmoja Afrika, mwingine Asia, na kati yao bara na bahari. Wanafanana, lakini si yule yule.

Basi mwaka 2012 Dakta Brown akaandika makala yenye vipimo na picha, akaichapisha wote waisome. Nzi akapata jina: Euryplatea nanaknihali. Jina la kwanza analishiriki na yule ndugu wa Guinea ya Ikweta. La pili ni lake peke yake. Na mnajua hilo la pili limetoka wapi? Limetoka kwa mtoto wa kiume, mtoto kama nyinyi, aliyekuwa anapenda wadudu mno. Hakuwa profesa. Hakuwa mfalme. Alikuwa mtoto anayeuliza maswali.

Mila hii ya majina mawili mawili inafuata kitabu cha mwaka 1758 cha Carl Linnaeus, naye pia mtu wa Sweden. (Hao watu wa Sweden na viumbe! Sijui wanakula nini.) Tangu hapo, kila mnyama anayeandikwa hupewa majina mawili, ili mtu wa Tokyo na mtu wa Tanga wakitaja nzi wawe wanamtaja mmoja.

"Lakini jina tu halitoshi, Mjomba. Mtu anaweza kusema uongo."

Kweli kabisa. Kwa hiyo jina hufungwa kwenye mdudu mmoja halisi. Niwaeleze kwa pishi. Zamani nafaka sokoni haikupimwa kwa mizani, ilipimwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Sasa huyu mchuuzi pishi yake imebonyea. Yule ameweka kitako kinene ndani ili mtama uonekane mwingi. Mnunuzi analalamika, mchuuzi anaapa. Wataamuliwaje? Inaletwa pishi moja, ile inayoaminiwa na wote, iliyohifadhiwa kwa mtu mwaminifu. Ile haiuzi wala hainunui. Kazi yake ni kukaa, ili nyingine zote zije kupimwa kwake. Na spishi mpya, yaani aina mpya ya kiumbe, ni hivyo hivyo. Mdudu mmoja huchaguliwa, huwekewa kibandiko, hutunzwa kwenye makumbusho. Mtu yeyote, mwaka wowote, akisema "nami nimempata Euryplatea nanaknihali," anaambiwa: haya, mlete tumpime na ile pishi. Mkitaka kujua jina ni la nani, msilitafute kwenye karatasi. Limelala pale, na mwenye milimita 0.4.

Sasa tuje kwenye ile kazi ya kutisha. Wenye roho nyepesi wazibe masikio. Hakuna? Najua. Watoto hawazibi masikio penye jambo hili.

Mmewahi kumwona sisimizi anayetembea kitako juu? Yupo. Ana tumbo lenye umbo la kopa, na akikasirika hulipindua likapita juu ya kichwa chake, kama mchezaji wa sarakasi. Wataalamu humwita Crematogaster. Yuko Afrika, Asia, Amerika, karibu kila mahali penye joto. Kule Laikipia, Kenya, wengine wao hukaa ndani ya vifundo vya mgunga wenye miiba, na hata tembo akija kula majani hukimbia, maana wanamng'ata puani.

Basi sisimizi huyu alikuwa na majivuno yake. Mimi nilikuwa nikimsikiliza, akasema hivi:

"Siye wadogo tuna bahati. Wenzetu sisimizi wakubwa wana adui. Kuna nzi huko wanaokata vichwa. Lakini kichwa changu mimi, kiangalieni! Kidogo kama nini. Mtoto gani wa nzi atakaa humu akashiba?"

"Nzi wanaokata vichwa? Mjomba, unatutania."

Sitanii. Wapo. Kwa mfano kule Amerika Kusini kuna nzi waitwao Pseudacteon, ndugu wa huyu wetu. Mama huelea juu ya sisimizi, anavizia, anavizia, kisha anashuka chap! anamchoma na kuondoka. Ni pungufu ya sekunde moja. Amekwisha kuacha yai ndani ya kifua cha sisimizi. Yai linakuwa buu. Buu linatambaa hadi kichwani. Sisimizi bado anatembea, bado anafanya kazi, wenzake hawajui kitu. Siku ya mwisho buu linakula kila kilichomo kichwani, na linatoa maji yanayolegeza shingo. Kichwa kinaanguka. Na buu halitoki! Linabaki humo humo, kichwa kimekuwa nyumba, linajigeuza pupa. Siku ikifika, nzi mzima anatoka kupitia mdomoni mwa sisimizi.

Mmenyamaza. Eleweni basi kwamba nzi hawa wana faida pia. Sisimizi wa moto wa Amerika Kusini waliingia Marekani kwa meli, wakaenea mashambani, wakauma watu na mifugo. Watafiti wakawafuata na Pseudacteon. Tangu miaka ya 1990 nzi hao wameachiwa katika majimbo ya kusini ili kuwapunguzia kiburi. Sisimizi wa moto akimwona nzi huyo juu yake huacha chakula akajificha. Nzi mmoja, na njia nzima ya sisimizi imesimama.

Turudi kwa sisimizi wetu mwenye kitako juu. Alikuwa bado anajivuna: "Mtoto gani wa nzi ataenea humu?"

Na sauti ndogo, ndogo, ndogo mno, ikamjibu: "Wangu."

Ndivyo alivyowaza Dakta Brown. Hakumwona mama yule akimchoma sisimizi. Alikuwa amekufa, yumo kwenye spiriti. Lakini aliuona mwiba wa kutagia. Na yule ndugu wa Guinea ya Ikweta anajulikana kazi yake: watoto wake hulelewa ndani ya sisimizi hawa hawa, Crematogaster. Mwiba ule ule, ndugu yule yule, na mwili mdogo kiasi hiki. Akasema: basi na huyu wa Thailand ni mkata vichwa, na udogo haukuwaokoa sisimizi. Mimi naiona hoja hiyo ina miguu minne, inasimama. Lakini mwenye kuikamilisha ni yule atakayekaa Kaeng Krachan na kioo cha kukuzia, akamwona kwa macho mama akishuka. Huenda ni wewe, unayependa kukaa chini muda mrefu.

"Je, atatukata sisi vichwa?"

Hapana, wapendwa. Kichwa chako kwake ni mlima. Laleni salama.

"Na ndiye nzi mdogo kuliko wote duniani?"

Mwaka 2012 ndiyo, kati ya nzi wote waliokuwa wameandikwa. Akakaa na sifa yake miaka michache. Kisha mwaka 2018 Dakta Brown huyo huyo akamwandika mwingine, wa msitu wa Amazon, Brazil. Urefu wake milimita 0.395. Mmeona? Amemshinda mwenzake kwa milimita 0.005. Hapo hata akili inashindwa kukata! Huyu wa Brazil ana miguu ya mbele iliyovimba misuli, mingine yote imekonda. Dakta akaikumbuka mikono ya Arnold Schwarzenegger, yule mnyanyua vyuma na mwigizaji wa filamu, akamwita nzi Megapropodiphora arnoldi. Mtu jitu, nzi kiduchu. Inachekesha. Lakini mkiniuliza, jina la mtoto anayeuliza maswali linapendeza zaidi. Hamjaniuliza, najua.

Sasa mtasema: Thailand mbali, Brazil mbali, nzi wapya wako mbali. Hata huko Los Angeles, kwenye magari na maghorofa, mama mmoja alimwambia Dakta Brown hivyo hivyo: kwenye ua wa nyumba yangu hakuna kipya. Dakta akatega mtego uani kwa mama huyo. Akampata nzi asiyeandikwa. Basi wakatega kwenye nyua nyingi za mji, na mwaka 2015 zikatangazwa spishi mpya 30, zote za jamii ile ile ya wakimbiaji wenye mgongo, kwa kuchunguza wadudu wa miezi mitatu tu. Watu walikuwa wanaanika nguo na kunywa kahawa katikati yao. Walikuwepo. Hawakuonekana tu.

Na huku kwetu? Magharibi ya Uganda kuna msitu wa Kibale, unaojulikana kwa sokwe. Watafiti walichukua nzi wa Phoridae walionaswa mahali pamoja, kwa mtego mmoja, wiki 8. Wakachukua nzi 7,059. Kuwaangalia mmoja mmoja kwenye hadubini kungechukua miaka, kwa hiyo walifanya vingine: walisoma kipande kidogo cha vinasaba vya kila nzi, kwa mashine inayoenea kiganjani, na wanaofanana wakawekwa pamoja.

"Wakapata aina ngapi?"

Kisieni.

"Ishirini!"

Zaidi.

"Mia!"

Zaidi, zaidi. Makala yao ilitoka mwaka 2019. Walipata aina zaidi ya 650. Mtego mmoja! Na nzi wa jamii hiyo walioandikwa hadi wakati huo kutoka Afrika yote iliyo kusini ya Sahara hawakufikia idadi hiyo. Chupa moja ya Kibale imeyashinda mabuku yote.

Mmoja wao akaandikwa hapo hapo, kwa majina mawili kama desturi: Megaselia sepsioides, kwa kuwa anafanana na nzi wa jamii nyingine, Sepsidae. Wenzake, mamia kwa mamia, wanajulikana kwa namba. Namba inasema "huyu si yule", basi. Haisemi anakula nini, anataga wapi, sisimizi gani anamwogopa. Hayo hayapatikani ndani ya chupa ya spiriti. Yanataka mtu aende msituni akae.

"Mjomba, nikimpata mmoja naweza kumpa jina langu?"

Hahaa, nilikuwa nalisubiri hilo. Kujipa mwenyewe, hapana. Hakuna polisi atakayekukamata, lakini wenzako watakucheka mpaka uzeeni; wanasayansi hawafanyi hivyo. Jina lako hupewa na mwingine. Kwa hiyo fanya hivi: mtafute rafiki anayependa wadudu, mwende Kibale pamoja. Wa kwako umpe jina lake. Wa kwake akupe jina lako. Na mkubaliane kabla hamjaondoka nyumbani, tena mbele ya shahidi.